Mali kauli ya picha nane

Jumapili usiku basi la Nairobi limenishusha stendi ya Magufuli, Mbezi, nikiwa na begi la mgongoni na bomba la plastiki la inchi sita, lenye urefu wa mita moja na kidogo. Dereva wa bajaji akaniuliza kama natoka saiti. Nikamwambia ndani mna picha sita za wachoraji wa Kenya, na kwamba wiki moja nyuma bomba hilohilo lilikwenda na picha nane za wachoraji wetu, mmoja wao wa Vingunguti. Akalilaza nyuma ya kiti, akalifunga kwa mpira, na njia nzima hadi Mikocheni akawa anapunguza mwendo kila akiona tuta. Sikumwomba. Nilipoteremka akaniuliza picha ya mtu mmoja wa Vingunguti inaweza kuuzwaje Nairobi wakati hata hapa haijulikani.

Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa wiki hii. Wengine wote wanataka kujua kwa nini Nairobi, kwa nini nisiende moja kwa moja London au Paris ambako ndiko kwenye pesa. Jibu langu ni refu kidogo na linaanzia Kariakoo.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la kanga Mtaa wa Uhuru. Jumla tupu, hakuuza doti moja moja. Wateja wake walitoka Tanga, Lindi, Mombasa, wengine Ngazija, na karibu wote walichukua mali kauli. Kwa msomaji ambaye hakukulia dukani: unapewa mzigo leo, unakwenda kuuza kwenu, pesa unaleta ukishauza. Mtu anatoka na korja tano, yaani kanga mia moja, na hajaacha hata shilingi mezani. Nikiwa mtoto niliona ni uungwana mkubwa kupita kiasi. Baadaye ndipo nilipolitazama daftari. Kila mstari ulikuwa na jina, idadi ya korja, bei ya kila doti, na siku ya kurudi. Baba hakumkabidhi mtu mzigo kabla mstari haujaandikwa na mwenyewe hajausoma, hata ndugu yake wa tumbo moja. Baba mdogo alikuwa anaudhika, lakini anasoma, kisha anaweka dole gumba.

Mimi sikuuza kanga. Nilianza na fremu, nikikata mbao na vioo kwa ajili ya picha za harusi na vyeti, na miaka kumi na moja iliyopita chumba cha mbele nikakigeuza kuwa mahali pa kutundika kazi za wachoraji. Na katika chumba hicho nililisahau daftari la Baba.

Mwaka 2017 alikuja mtu mwenye galari, yaani nyumba ya kuonyesha na kuuza picha, katika mji mmoja wa Ulaya. Alikaa saa tatu nzima mbele ya picha, aliuliza maswali mazuri, alikunywa chai, aliwajua wachoraji kwa majina. Akaondoka na kazi 11 za wachoraji watatu. Tulikuwa na nini mkononi? Tulipeana mikono, tukawa na barua pepe mbili zenye maneno matamu. Hakukuwa na bei iliyokubaliwa kwa kila picha, wala siku ya kurudi, wala neno moja kuhusu nani anabeba hasara ikitokea ajali. Miezi minane kimya. Mwaka ukapita. Mwishowe ikaja barua ya mistari minne kwamba galari imefungwa, na baada ya hapo likaja kreti lenye picha saba. Nne sijaziona hadi leo.

Tatu kati ya hizo nne zilikuwa za mchoraji mmoja wa Vingunguti, mtu mzima, mwenye watoto. Hakunifokea. Alikuja kila Jumatatu asubuhi, akakaa kwenye benchi la nje, akaniuliza, "Dada, kuna habari?" Nikimwambia hakuna, anashukuru na kuondoka. Jumatatu kumi na tisa. Nilimlipa kwa awamu kutokana na fremu, na deni likaisha, lakini zile picha zilikuwa kazi yake ya mwaka mzima na hakuwa na kumbukumbu yake nyingine zaidi ya picha za simu yangu.

Nimesimulia haya kwa sababu watu wakisikia neno ushirikiano na galari za nje wanawaza sherehe, glasi na hotuba. Kwangu mimi ushirikiano huo ni mali kauli. Picha inatoka hapa haijalipwa, inakaa kwenye ukuta wa mtu mwingine, chini ya sheria za nchi nyingine, na wewe unasubiri. Uaminifu lazima uwepo, ila uandikwe mstari kwa mstari.

Na mali kauli huanza na mtu unayeweza kumfikia. Ndiyo maana nikatazama jirani kabla ya ng'ambo. Nairobi nafika kwa basi la siku moja. Kampala nina watu wanaonifahamu kwa sauti. Mambo yakiharibika naweza kupanda basi, nikabisha hodi.

Tena jirani zetu wametangulia. Afriart Gallery ya Kampala, iliyoanzishwa 2002 na Daudi Karungi, ndiyo inayofanya kazi na Sungi Mlengeya, Mtanzania mwenzetu aliyejifundisha kuchora mwenyewe, akaacha kazi ya benki 2018. Wanawake anaowachora, weusi wa kung'aa juu ya kanvasi iliyoachwa nyeupe kabisa, wamepita Kampala ndipo wakaonekana mbali. Nairobi, Circle Art imekuwapo tangu 2012, na mwaka uliofuata ikaanza mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki. Mnada ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bei inatangazwa mbele ya kadamnasi, inaandikwa, na kesho mtu wa Johannesburg anaweza kuiona. Sisi huku bei zetu nyingi zinafia mdomoni. Addis Fine Art nao walianza Addis Ababa 2016, baadaye wakawa na ukumbi London. Walianza nyumbani.

Wala njia hii si ngeni kwa Watanzania. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Miaka sitini imepita, na bado kuna vijana wanaoniambia kuvuka Namanga na picha ni wazo jipya.

Huko mbali nako wenye galari ndogo wamegundua kwamba peke yao hawafiki. Kukodi banda kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ni ghali. Kuna 1-54, maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Afrika yaliyoanzishwa London 2013 na Touria El Glaoui, sasa yanafanyika New York na Marrakech pia. Ni mlango mzuri, na wapo waliotoka pale na wanunuzi wa maisha. Lakini galari ya chumba kimoja ikilipa banda, nauli, hoteli na usafirishaji, inahitaji kuuza karibu kila kitu ili irudi ilipoanzia. Mwaka 2016, hukohuko London, Vanessa Carlos wa galari ya Carlos/Ishikawa alianzisha mpango unaoitwa Condo. Galari za mjini zinawakaribisha wenzao wa nje na kuwagawia chumba au ukuta kwa wiki kadhaa. Mwaka 2017 galari 36 zilijigawa katika kumbi 15. Nilipousoma mpango huo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, maana ndivyo Mtaa wa Uhuru ulivyokuwa ukifanya: mgeni kutoka Mombasa anapewa kona ya duka, anapanga mali yake, wateja wa mwenye duka wanamwona, na safari nyingine mwenye duka anafanyiwa vivyo hivyo Mombasa.

Kwa hiyo mwaka jana nilimwandikia dada mmoja mwenye galari ndogo Nairobi, tuliyefahamiana kwa sababu ya mchoraji tunayempenda wote wawili. Tukakubaliana kubadilishana ukuta. Yeye ananipa chumba chake cha nyuma kwa wiki sita, mimi nampa cha mbele. Miezi minne tumeandikiana, na miezi mitatu katika hiyo imekwenda kwenye bei.

Bei ndipo penye kazi. Hapa Dar tumelelewa na soko la watalii. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza 1968 mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, kazi zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay, tumezoea kwamba mnunuzi ni mgeni anayepita, na bei ni maelewano. Sidharau biashara hiyo, imesomesha watoto wengi na Tingatinga ni fahari yetu. Lakini mnunuzi anayekusanya kazi hafanyi maelewano ya namna hiyo. Akiona picha Nairobi kwa dola 900, anafungua simu, anamtafuta mchoraji, anauliza. Mchoraji akimwambia njoo nyumbani nikupe kwa 400, siku hiyo yamevunjika mambo matatu: mauzo ya Nairobi, heshima yangu kwa mwenzangu, na bei ya mchoraji mwenyewe, kwa sababu hakuna atakayemlipa tena 900. Niliwahi kupoteza mnunuzi kwa namna hiyohiyo na hakurudi. Safari hii nimekaa na wachoraji wote wanne, mmoja mmoja, chai na vitumbua, tukapanga bei kwa ukubwa wa kazi na kuahidiana kwamba bei ya Vingunguti, ya Mikocheni na ya Nairobi ni moja. Punguzo lisizidi asilimia 10, na likitolewa, galari zote mbili zinajulishana siku hiyohiyo. Mmoja alikataa. Alisema ana kodi ya nyumba na hawezi kusubiri Nairobi. Nilimwelewa kabisa, na kazi zake sikuzipeleka.

Kamisheni ilikuwa rahisi zaidi. Kawaida galari na msanii wanagawana nusu kwa nusu. Galari zikiwa mbili, swali ni ile nusu ya galari inakatwaje, na hapo tukasema nusu ya msanii haiguswi. Asilimia 30 kwa anayeuza, 20 kwa aliyeleta. Picha ya dola 900: msanii 450, Nairobi 270, mimi 180. Pesa ya msanii inatumwa ndani ya siku 30 tangu mnunuzi alipe, hata kama picha nyingine bado zipo ukutani.

Sasa bomba. Usafiri ndio unaoua ndoto nyingi, kwa hiyo nisikilize vizuri kama na wewe unataka kujaribu. Kampuni za vifurushi vya ndege zinatoza kwa uzito au kwa ukubwa, chochote kilicho kikubwa: unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5,000, unapata kilo za kulipia. Picha nane zikiwa kwenye fremu zinahitaji kreti la kama sentimita 140 kwa 110 kwa 30. Hizo ni kilo 92 za kulipia, hata kama ndani ni hewa zaidi kuliko picha. Na kreti la mbao kwenda nje ya nchi linatakiwa liwe na muhuri kwamba mbao zimetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, ili wadudu wasisafiri. Mwaka mmoja fundi wangu wa Keko alinitengenezea kreti zuri mno la mninga, wakala wa forodha akalizunguka mara moja akasema, "Mama, hili haliendi." Tuliliunda upya kwa plaiwudi, ambayo haina sharti hilo, na tukakosa ndege mbili.

Safari hii tulitoa picha kwenye fremu zake. Kariakoo nilinunua bomba la inchi nne na la inchi sita. La inchi nne nikalivisha karatasi laini, nikalaza picha ya kwanza juu yake na kuanza kuviringisha, rangi ikitazama nje. Watu wengi huviringisha rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda. Kinyume chake: rangi ikiwa ndani inakunjamana na kusukumana, na siku ya kunyooshwa inapasuka. Ikiwa nje inavutika kidogo tu, kisha inarudi mahali pake. Kila picha karatasi yake, na baada ya kila mzunguko unasimama, unapitisha kiganja polepole uhisi kama kuna kichanga. Tulifanya usiku, feni ikiwa imezimwa isipeperushe vumbi, jasho likitutoka, mimi na kijana wa dukani, kila mmoja na taulo shingoni ili tone lisidondoke. Nane zikaenea. Ya tisa ilikataa kuingia na sikuilazimisha. Tukatelezesha yote ndani ya bomba la inchi sita, vifuniko pande mbili, utepe. Kilo 12 hazikufika, na nilikaa nalo miguuni kutoka Dar hadi Nairobi, Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha.

Namanga nilikuwa na ankara, orodha ya kazi yenye picha ndogo ya kila moja, na cheti cha uasili kuonyesha kwamba zimetengenezwa Tanzania. Afisa, mzee wa makamo mwenye miwani kwenye kamba, akasoma vyote kisha akasema anataka kuona moja. Moyo ulinipasuka. Nje manyunyu, meza yenyewe ina alama za vikombe. Nikamwomba karatasi kavu, akaniletea magazeti, tukatandika. Ya juu kabisa ilikuwa ya yule mchoraji wa Vingunguti: soko la samaki Feri alfajiri, kina mama wawili na ndoo ya bluu, na nguru mmoja mkubwa kwenye meza ya zege. Mzee alishika miwani yake, akainama, hakugusa. Kimya kirefu. Kisha akaniuliza, "Kwa nini samaki hana jicho?"

Nikamwambia shikamoo mzee, sijawahi kumuuliza mchoraji.

"Muulize," akasema, akagonga muhuri.

Nairobi mwenzangu alikuwa ameshakata fremu za kukazia kanvasi kabla sijafika, kwa vipimo nilivyomtumia. Moja ilikosea, na kosa lilikuwa langu: niliandika upana kwanza, wakati orodha za picha zinaanza na kimo. Seremala wake aliirekebisha siku hiyohiyo. Tulipomaliza kutundika, nilikaa sakafuni katikati ya chumba nikazitazama. Kwenye ukuta wangu wa Mikocheni ninazifahamu kwa namna moja. Pale, chini ya mwanga wa Nairobi ulio baridi zaidi, bluu ya ile ndoo ilikuwa imeamka. Watu waliokuja siku ya ufunguzi wengi hawakuwa wamewahi kuona kazi ya mchoraji wa Dar isipokuwa Tingatinga. Mmoja, anayenunua kwa ajili ya mkusanyo ulioko nje ya Afrika, alirudi kesho yake na tepu ya kupimia. Hadi naondoka zilikuwa zimeuzwa tatu, na ya nne imewekewa alama kwamba kuna anayeitaka. Yule wa tepu ndiye aliyechukua Feri alfajiri.

Hivyo ndivyo picha ya mtu wa Vingunguti inavyouzwa Nairobi, kaka wa bajaji, kama unasoma. Haikuuzwa na jina lake, bado. Imeuzwa kwa sababu wanunuzi wa dada yule wanamwamini yeye, naye ameniamini mimi, nami nimemwamini mchoraji, na bei ilikuwa ileile kila ilipoulizwa. Mnunuzi huyo ameomba orodha ya kazi nyingine. Tumekubaliana kwamba mnunuzi aliyepatikana kwenye ukuta wa mwenzako ni wa wote wawili kwa miaka miwili, na hilo nalo limeandikwa.

Picha sita za Kenya nimeshazinyoosha na zitakuwa ukutani kuanzia Jumamosi hii saa kumi jioni. Kuna moja ya stendi ya matatu wakati wa mvua ambayo ningeomba uje uione hata kama huna nia ya kununua chochote. Usiipige picha kwa mwanga wa simu, tafadhali.

Jana, Jumatatu, mchoraji wa Vingunguti alikuja asubuhi kama zamani. Nilimpa bahasha yenye dola 450, maana mnunuzi alilipa taslimu. Hakuihesabu. Akaniomba daftari. Nikamfungulia ukurasa, akapitisha kidole: jina la picha, kimo, upana, bei, mgawanyo, siku iliyotoka, siku ya kurudi, na pale pembeni neno "imeuzwa" na sahihi ya Nairobi. Alisoma mistari yote nane, hata isiyo yake. Nikamuuliza kuhusu jicho la samaki.

"Nilikuwa nalichora," akasema, "mama mwenye samaki akamgeuza." Kisha akaniuliza lile bomba lina urefu gani kwa ndani, kwa sababu anayoichora sasa ina upana wa mita moja.